Ian Dury: mcheshi wa roki aliyelichukua tusi akalifanya wimbo

Ukitaja waimbaji wa roki wa Uingereza, msikilizaji wetu wa Afrika Mashariki humkumbuka kwanza Freddie Mercury, kwa kuwa alizaliwa Zanzibar. Leo tunakuletea mwingine, ambaye jina lake ni nadra kusikika katika redio za huku. Anaitwa Ian Dury. Alitembea kwa kuchechemea, mguu wake ukiwa umefungwa chuma. Alipopata jina tayari alikuwa na miaka 35, umri ambao vijana wenzake wa jukwaani walimwona mzee. Silaha yake ilikuwa maneno: ya kuchekesha, ya kuchoma, na mara chache ya kuliza.

Hatufichi kwamba sisi ni mashabiki wake. Lakini makala hii si ya kumpamba tu. Tunataka kueleza alikuwa nani, kazi alizotoa kwa jina lake mwenyewe zina thamani gani, na kwa nini mwaka 1981 wimbo wake mmoja kuhusu watu wenye ulemavu uliwekewa kizuizi na shirika kubwa kabisa la utangazaji nchini mwake. Jambo hilo la mwisho linatuhusu sana sisi tunaokaa nyuma ya kipaza sauti.

Mtoto wa dereva wa basi

Ian Dury alizaliwa tarehe 12 Mei 1942 huko Harrow, kaskazini magharibi mwa London, vita vya pili vya dunia vikiwa vinaendelea. Baba yake aliwahi kuwa bondia, kisha akawa dereva wa basi, na baadaye akaendesha magari ya matajiri. Mama yake alikuwa mhudumu wa afya aliyetembelea familia majumbani. Wazazi hao hawakuishi pamoja kwa muda mrefu, na Ian alilelewa zaidi upande wa mama, katika jimbo la Essex, mashariki mwa London. Watu wa Essex na lafudhi yao ndio waliojaa katika nyimbo zake. Aliipenda sehemu hiyo kiasi kwamba mara nyingi aliwaambia watu kuwa alizaliwa Upminster, mji wa huko, ilhali si kweli.

Mwaka 1949, akiwa na miaka 7, alipata polio. Mwenyewe aliamini kuwa aliambukizwa katika bwawa la kuogelea la Southend, mji wa pwani, wakati ugonjwa huo ulipokuwa umezuka Uingereza. Chanjo ilikuwa bado haijapatikana, kwani ya kwanza, ya Jonas Salk, iliidhinishwa mwaka 1955. Kwa hiyo mtoto yule alizaliwa mapema mno. Alifungwa plasta mwili mzima kwa wiki sita, akalazwa hospitali kwa takriban mwaka mmoja na nusu, kisha akapelekwa shule ya bweni ya watoto wenye ulemavu. Mguu, bega na mkono wake wa kushoto havikurudia nguvu.

Kabla ya muziki ilikuwa uchoraji. Alisoma chuo cha sanaa cha Walthamstow, na mwaka 1964 akaingia Royal College of Art ya London, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa Peter Blake, msanii aliyeshiriki kubuni jalada maarufu la albamu ya Beatles, Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band. Baada ya hapo Dury alifundisha uchoraji vyuoni. Jicho hilo la mchoraji linaonekana katika nyimbo zake. Humwambii mtu anayemweleza ni wa namna gani. Anakuonyesha viatu vyake, koti lake, anachokula na anavyoongea, kisha anakuachia wewe uamue.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliunda bendi iliyoitwa Kilburn and the High Roads. Ilipendwa kwenye baa za London lakini haikuleta fedha, na ikavunjika. Bahati yake ilikuja alipokutana na Chaz Jankel, kijana mpiga kinanda na gitaa aliyependa fanki na jazi. Dury alikuwa akipiga mashairi yake kwa taipu na kumpa Jankel karatasi; Jankel anatafuta muziki. Ushirikiano huo ndio uliozaa kazi zake bora.

Viatu vipya na chupi

Albamu yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe ilitoka Septemba 1977 na kampuni ndogo ya Stiff. Iliitwa New Boots and Panties!!, yaani viatu vipya na chupi. Kwa nini jina hilo? Dury alivaa mitumba. Nguo zake zote alinunua zilizokwisha kuvaliwa na wengine, isipokuwa vitu viwili: viatu na nguo za ndani. Msomaji wetu yeyote anayekwenda gulioni siku ya mnada ataelewa utani huo bila kufafanuliwa. Kwenye jalada amesimama mbele ya dirisha la duka la nguo, pembeni yake akiwa mwanawe mdogo, Baxter, ambaye siku hizi naye ni mwimbaji anayejulikana.

Albamu hiyo ilipanda hadi nafasi ya 5 katika chati za Uingereza na ikakaa kwenye chati kwa muda mrefu. Ulikuwa mwaka wa panki, muziki wa vijana wenye hasira, gitaa za kelele na pini mashavuni. Dury aliwekwa kwenye kundi hilo, lakini ukisikiliza vizuri utagundua vitu vingine. Norman Watt-Roy anacheza gitaa la besi kama mtu anayezungumza. Charley Charles, mzaliwa wa Guyana, anapiga drams kwa utulivu wa fanki. Juu yao Dury anaongea zaidi kuliko kuimba, tena kwa lafudhi ya mtaani kwao. Wakati huo waimbaji wengi wa Uingereza walikuwa wakiiga lafudhi ya Wamarekani. Yeye alikataa, akaimba kama anavyoagiza chai.

Bendi iliyokusanywa baadaye ili kuzunguka na nyimbo hizo ikaitwa The Blockheads, na pamoja nao alipata mafanikio makubwa zaidi ya kibiashara. Wimbo wao Hit Me with Your Rhythm Stick ulishika nafasi ya kwanza Uingereza Januari 1979. Ndani yake mpiga saksafoni Davey Payne anapuliza saksafoni mbili kwa wakati mmoja. Hizo ni kazi za bendi, na zina mashabiki wake. Sisi tunarudi kwenye zile alizotoa kwa jina lake peke yake.

Ucheshi wake unafanyaje kazi

Ucheshi wa Dury una mizizi katika maonyesho ya zamani ya Waingereza, ambapo mwimbaji alisimama jukwaani akachanganya nyimbo, vichekesho na kejeli mbele ya watu wa kawaida waliolipa senti chache. Alimpenda sana mchekeshaji mkongwe Max Wall, ambaye mwaka 1977 alirekodi wimbo uliotungwa na Dury, England's Glory.

Mbinu yake ya kwanza ni majina. Humpa mtu jina linaloenda kwa kina na mahali anapotoka: Billericay Dickie ni mwanamume mwenye majigambo kutoka mji wa Billericay, na Plaistow Patricia ni mwanamke aliyeharibiwa na dawa za kulevya katika mtaa wa Plaistow. Ni kama mtunzi wa huku akitunga kuhusu fulani wa Mbagala na fulani wa Kisauni: ukisikia mahali, tayari unamwona mtu. Katika Clevor Trever aliandika neno la "mwerevu" kwa makosa makusudi. Wimbo ni wa mtu anayeitwa mjinga na wenzake, naye anajitetea kwa sentensi zinazojikanyaga. Unacheka, kisha unashtuka kwamba anayejitetea ana hoja.

Mbinu ya pili ni orodha. Anapanga vitu vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine, mpaka orodha yenyewe inakuwa wimbo. Ya tatu ni kunyamaza pale ambapo mwingine angelia. Mfano mzuri ni My Old Man, wimbo kuhusu baba yake. Anaeleza kazi ya udereva na jinsi mzee alivyoishi mwenyewe. Hapandishi sauti wala hatumii neno moja la maombolezo. Mwishoni unaelewa kwamba baba alifariki kabla wawili hao hawajapata muda wa kutosha wa kuzungumza. Aliye mbali na mzazi wake kwa sababu ya kazi au ugomvi wa zamani ausikilize mara moja tu, na huenda jioni hiyo akampigia mzee simu.

Wapo wanaomjua kwa wimbo mmoja tu, Sex & Drugs & Rock & Roll, wakadhani alikuwa akihubiri ngono na dawa za kulevya. Dury mwenyewe alieleza kuwa alikuwa anauliza kama maisha hayana lolote zaidi ya kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Lakini tuseme ukweli: baadhi ya nyimbo zake zina matusi mazito, na Plaistow Patricia inaanza nayo. Usiuwashe sebuleni wakwe wakiwa wamekaa.

Wimbo uliowekewa kizuizi

Mwaka 1981 ulitangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu. Kaulimbiu ilikuwa ushiriki kamili na usawa. Dury hakufurahi. Aliona ni huruma ya kutoka juu kwenda chini, watu wazima wakipigwapigwa begani kama watoto. Kwa aliyefungwa plasta akiwa na miaka 7, mwaka mmoja wa hotuba haukuwa zawadi.

Akatunga Spasticus Autisticus. Jina hilo linahitaji maelezo. Katika Kiingereza kulikuwa na neno la kitabibu la watu ambao misuli yao hukakamaa kwa sababu ya hitilafu ya ubongo. Watoto wa shule walilibadilisha kuwa tusi la kurushiana uwanjani. Dury aliliokota tusi hilo, akalivika mkia wa Kilatini lifanane na Spartacus, mtumwa aliyeongoza uasi dhidi ya Roma. Katika filamu ya mwaka 1960 kuhusu uasi huo, askari wanamtafuta Spartacus ili wamwadhibu, na watumwa wenzake wanasimama mmoja mmoja, kila mmoja akidai kuwa yeye ndiye. Wimbo wa Dury unafuata wazo hilo. Anayeimba anautaja mwili wake bila aibu, pamoja na yale ambayo wenye afya hupenda kutazama pembeni, kisha anajitaja kwa jina lile la matusi kama mtu anayetaja ukoo wake.

Wimbo ulirekodiwa Nassau, visiwa vya Bahamas, pamoja na Wajamaika wawili mabingwa wa rege, Sly Dunbar na Robbie Shakespeare, kwa ajili ya albamu ya Lord Upminster. BBC iliamua kuwa maneno yake yangeudhi na haukufaa kupigwa kabla ya saa 12 jioni. Muda si mrefu kampuni yake ya rekodi ikauondoa sokoni. Waliotaka kuwalinda watu wenye ulemavu wasitukanwe wakamnyamazisha mtu mwenye ulemavu.

Hapa tunajitazama sisi wenyewe. Kiswahili chetu kina kipofu, kiziwi, kiwete na kilema. Tunasema "kipofu huyu", kama tunavyosema kwa mtu yeyote, lakini maneno yenyewe yamevaa kiambishi kilekile cha kiti na kijiko. Ndiyo maana siku hizi hewani tunasema mtu mwenye ulemavu, mtu asiyeona, mtu mwenye ulemavu wa viungo. Ni badiliko zuri na tunalishikilia. Lakini wimbo huu unatukumbusha kuwa kubadili neno hakutoshi ikiwa anayeitwa hapewi kipaza sauti. Swali ambalo Dury aliliacha mezani ni hili: nani ana haki ya kumpa mtu jina? Na mwenyewe akijiita kwa namna inayotukwaza, sisi wa redio tunamzuia kwa faida ya nani?

Historia ilimpa jibu, ingawa yeye hakuliona lote. Mwaka 1994 shirika kubwa la Uingereza la kusaidia watu wenye ulemavu huo, ambalo jina lake lilibeba neno lile la zamani, lilijibadilisha na kuitwa Scope. Na tarehe 29 Agosti 2012, katika ufunguzi wa Michezo ya Paralimpiki jijini London, Spasticus Autisticus ilipigwa uwanjani mbele ya maelfu na kurushwa duniani kote. Wasanii wa Graeae, kundi la maigizo linaloongozwa na watu wenye ulemavu, ndio waliouimba. Wimbo ambao mwaka 1981 ulionekana haufai kusikika mchana ulikuwa sasa sehemu ya sherehe ya taifa.

Kazi za baadaye, nzuri na za kawaida

Shabiki wa kweli hafichi mapungufu. Ukiondoa wimbo huo, Lord Upminster ni albamu nyepesi: mdundo ni mtamu lakini maneno hayana uzito wa mwanzo. Mwaka 1984 alitoa 4000 Weeks' Holiday akiwa na vijana aliowaita Music Students. Jina ni zuri kuliko albamu yenyewe: likizo ya wiki 4,000, ambazo ni takriban miaka 77, yaani umri wa binadamu aliyejaliwa. Apples ya mwaka 1989 ilitokana na mchezo wa kuigiza wenye nyimbo uliooneshwa katika ukumbi wa Royal Court, London.

Tunayoipendekeza kati ya hizo za baadaye ni The Bus Driver's Prayer & Other Stories, ya mwaka 1992. Sauti imezeeka na hasira imepoa, lakini jicho la mchoraji bado lipo. Kipande kilichoipa albamu jina ni mzaha wa zamani wa London, unaotumia majina ya mitaa na vitongoji kwa mlio wa sala inayojulikana na Wakristo wote. Si utunzi wake, lakini kinywani mwa mtoto wa dereva wa basi unasikika kama salamu kwa marehemu baba.

Mwisho wake na polio ya leo

Mwaka 1996 aligundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana, ambayo baadaye ilisambaa hadi kwenye ini. Aliendelea kufanya kazi. Mwaka 1998 kituo kimoja cha redio cha London kilitangaza kimakosa kwamba amefariki, yeye akiwa hai. Kwetu sisi watangazaji hilo ni somo la kuthibitisha habari kabla ya kuisoma. Katika miaka hiyo ya mwisho alikuwa balozi wa UNICEF, na akasafiri hadi Sri Lanka pamoja na mwimbaji Robbie Williams kuhamasisha chanjo ya polio. Alifariki tarehe 27 Machi 2000 akiwa na miaka 57, karibu miaka 20 pungufu ya zile wiki 4,000.

Polio haina dawa ya kuiponya. Ina kinga tu. Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa virusi asilia vya polio vimetokomezwa katika kanda yake ya Afrika. Lakini mwaka 2022 virusi hivyo viligundulika Malawi, vikiwa vimetoka nje ya bara, kisha Msumbiji, na watoto wa nchi jirani ikiwemo Tanzania wakachanjwa upya nyumba kwa nyumba. Kama mhudumu wa afya alipita kwako na kichupa cha matone mwaka ule, sasa unajua sababu. Matone mawili mdomoni ndiyo yaliyokosekana Southend mwaka 1949.

Uanzie wapi

Kama bando ni dogo, anza na nyimbo hizi tano kwa mpangilio huu:

1. My Old Man (1977). Polepole, yenye huzuni iliyofichwa. Haina matusi ya kukuaibisha.
2. Sweet Gene Vincent (1977). Heshima kwa mwimbaji wa Marekani aliyempenda tangu ujana, ambaye naye alichechemea. Inaanza taratibu kisha inalipuka.
3. Clevor Trever (1977). Sikiliza gitaa la besi hata kama hukufuata maneno.
4. Spasticus Autisticus (1981). Uisikilize ukiwa umeshasoma maelezo hapo juu.
5. Bus Driver's Prayer (1992). Ni fupi sana, haitamaliza hata MB chache.

Katika bustani ya Richmond, London, kuna benchi la kumkumbuka Dury lililowekwa mwaka 2002. Lilitengenezwa likiwa na kifaa cha umeme wa jua, ili mpita njia achomeke vipokea sauti vyake na asikilize nyimbo. Kwa msikilizaji anayechaji redio na simu yake juani, benchi hilo halihitaji maelezo zaidi.